Mkaripata unaosumbua: dalili, chanzo na tiba, kuanzia mbegu hadi sufuria

Karipata ndiyo ile harufu inayotangulia bakuli la dengu kwenye nyumba za Wahindi wa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Wengine huiita majani ya mchuzi. Wagujarati husema mitho limdo, yaani mwarobaini mtamu, na Sri Lanka hujulikana kwa jina la karapincha. Kwa jina la kitaalamu ni Murraya koenigii, ingawa vitabu vya karibuni huandika Bergera koenigii. Ni wa ukoo mmoja na mchungwa, mlimau na mndimu, na ukoo huo peke yake unaeleza nusu ya matatizo yake: wadudu wa mndimu ni wadudu wake, na udongo unaoutia mndimu umanjano huutia na mkaripata.

Nusu nyingine inatokana na sisi kuutunza kama dania au mrehani. Huu ni mti. Ukiwa ardhini hufika mita 4 hadi 6, na kwenye ndoo unaweza kuishi miaka mingi kwa kimo cha mita moja na nusu. Haupendi kulowa kila siku, haupendi chombo kikubwa ukiwa mdogo, na namna unavyouchuma leo ndiyo itakayoamua kama mwezi ujao utakuwa na cha kuchuma.

Kabla ya kuongeza maji, mbolea au dawa, tazama mambo matatu. Jani lililoanza kuugua ni changa la juu au zee la chini? Ukichomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, kuna unyevu? Na ukiligeuza jani, upande wa chini kuna nini? Majibu hayo matatu yatakupeleka kwenye sehemu inayokuhusu hapa chini.

Hapa tutakuwa tukisema "kikonyo", maana yake ni ule utembo mzima unaobeba majani madogo, kwa kawaida 11 hadi 21. Kila jani dogo lina urefu wa sentimita 2 hadi 4.

Kwanza: je, ni mkaripata kweli?

Dalili: majani hayanukii hata ukiyavunja, au chakula kimekuwa kichungu kupita kiasi.

Mwarobaini na mkaripata hufanana kwa mbali, na jina la Kigujarati linazidisha mkanganyiko. Chukua kikonyo kimoja ukiweke kiganjani. Jani la mwarobaini lina meno makubwa kama ya msumeno, limepinda kama mundu, na upande mmoja wa jani ni mpana kuliko mwingine. Jani la karipata lina ukingo ulio karibu kuwa laini, au meno madogo sana unayoyahisi kwa ncha ya kidole kuliko kuyaona kwa jicho. Majani yake hupishana kwenye kikonyo, moja kushoto, jingine kulia mbele kidogo, na mwisho wa kikonyo hubaki jani moja peke yake. Kisha lifikiche. Karipata hunuka papo hapo: kuna ukali wa ndimu, kuna moshi kidogo, kuna kitu kama pilipili manga. Mwarobaini hunuka ukijani tu, na ukiugusa kwa ulimi utaujua.

Kuna mwingine wa kuogopa kwenye bustani za mjini: mti wa uzio wenye maua meupe yanayonukia kama ya mchungwa. Ni ndugu wa karibu wa mkaripata, lakini majani yake ni machache kwa kila kikonyo, kwa kawaida 3 hadi 9, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na hayana harufu ya mchuzi. Ukiuziwa mche bila kuufikicha, lawama ni yako. Fikicha jani moja kabla ya kulipa.

Mbegu hazioti

Karibu kila mara sababu ni moja: mbegu imekauka. Mbegu ya karipata si kama ya dania inayokaa kwenye pakiti mwaka mzima. Ikitoka kwenye tunda huanza kufa, na baada ya wiki tatu hivi nyingi hazina uhai tena. Mbegu kavu za dukani au zilizosafirishwa kwenye bahasha ni pesa iliyotupwa.

Tafuta mti unaozaa. Chuma matunda yaliyokuwa meusi na yanayong'aa. Yale mekundu au ya kijani bado. Minya utoe mbegu, osha ute wote (ukibaki huleta ukungu), na upande siku hiyo hiyo au kesho yake. Nyama ya tunda inalika, ila mbegu yenyewe isiliwe, na watoto waangaliwe.

Panda kina cha sentimita 1 kwenye mchanganyiko mwepesi: nusu mchanga wa mto, nusu mboji iliyochekechwa. Weka mahali pa joto, nyuzi 20 kwenda juu, udongo uwe na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Kuota huchukua wiki mbili hadi nne, na kwenye baridi hata zaidi. Usichimbe kuchungulia.

Kama huna mbegu mbichi, usipoteze muda na vipandikizi vya matawi. Vingi huoza kabla ya kutoa mizizi. Njia iliyo bora ni machipukizi yanayotoka kwenye mizizi ya mti mkubwa. Chagua chipukizi lenye kimo cha shibri moja, kata mzizi unaoliunganisha na mama kwa jembe kali, kisha liache hapo hapo wiki tatu au nne. Usiling'oe siku ile ile. Muda huo hulipa nafasi ya kujitengenezea mizizi yake. Likianza kutoa jani jipya, chimba na bonge la udongo wake.

Mche umesimama, haukui

Mkaripata mchanga ni mzito wa kuanza. Mwaka wa kwanza mara nyingi haufiki hata sentimita 30, na hilo peke yake si ugonjwa. Lakini ikiwa miezi miwili imepita wakati wa joto bila jani jipya hata moja, kuna sababu, na hizi ndizo za kawaida.

Chombo ni kikubwa mno. Mche wa majani manne ukiwekwa kwenye ndoo ya lita 20, udongo mwingi unabaki na maji ambayo mizizi haiwezi kuyanywa, na mizizi inakaa kwenye baridi na uchachu. Anza na kopo la upana wa sentimita 10. Ukiona mizizi inatokeza matunduni, hamia la sentimita 18 au 20. Ndoo ije baadaye, mti ukiwa na kimo cha goti.

Au ni baridi. Chini ya nyuzi 13 hivi mti unasimama kabisa. Nairobi mwezi wa Julai, Njombe, Iringa, Limuru: usiulazimishe kwa mbolea. Punguza maji, uweke kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, usubiri Septemba. Walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wauingize ndani kabla ya usiku kushuka chini ya nyuzi 10, dirishani penye jua jingi. Ukipukutisha majani yote ndani ya nyumba, kwangua gome kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, uko hai. Mwagilia kikombe kimoja kila siku kumi mpaka uchipue.

Au ni kivuli. Unataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku. Baraza lenye mwanga mzuri wa kusomea gazeti halitoshi. Muscat na Dubai ni kinyume chake: kuanzia Mei uupe kivuli cha mchana, la sivyo majani yataungua hata kama udongo una maji.

Majani ya njano

Hapa ndipo watu wanapoharibu zaidi, kwa sababu kila njano hupewa tiba moja: maji na mbolea. Zipo njano nne, na kila moja ina mahali inapoanzia.

Njano inayoanza kwenye majani machanga ya juu, mishipa ikibaki ya kijani kama ramani iliyochorwa kwa kalamu nyembamba, ni ukosefu wa madini ya chuma. Ndiyo njano ya pwani. Udongo wa mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, pH yake (kipimo cha uchachu wa udongo: namba ikipanda, uchachu unapungua) hufika 8, na chuma kilichomo hujifunga mzizi usiweze kukichukua. Mkaripata unataka pH kati ya 5.5 na 7. Chuma huenda kipo tele. Tatizo ni kwamba kimefungwa. Ndiyo maana kufukia misumari yenye kutu hakusaidii.

Tiba ya kweli ni kubadilisha udongo. Kama mti uko ndooni, utoe, kung'uta udongo wa nje kiasi cha theluthi bila kuvunja bonge la kati, kisha upande upya kwenye mchanganyiko huu: udongo mwekundu wa shamba ndoo 2, mchanga wa mto ndoo 1, mboji au samadi ya mbuzi iliyoiva ndoo 1. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Una chumvi na vipande vya makombe ambavyo ni chokaa ile ile unayoikimbia. Kwa matofali ya saruji na changarawe za ujenzi ni hivyo hivyo: ndoo iliyotiwa kokoto za saruji chini "ili maji yapite" inaongeza chokaa kila unapomwagilia.

Wakati mti unajirekebisha, nyunyiza majani kwa salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita 1 ya maji, jua likiwa limezama. Rudia baada ya wiki mbili. Majani yaliyonyunyizwa hupata madoa, kwa hiyo usiyapike. Subiri yale yatakayochipua baada yake. Ukinunua chuma cha dukani cha kumwagia kwenye udongo, soma karatasi yake: aina ya EDDHA hufanya kazi kwenye udongo wenye chokaa, ile ya EDTA haifiki mbali pH ikipita 6.5. Ni tofauti ya herufi mbili tatu, lakini ndiyo tofauti ya mti kupona na kutopona.

Kusini mwa India watu wengi humwagia mkaripata mtindi uliozimuliwa. Haudhuru ukiwa mwepesi, kikombe 1 cha mtindi bila chumvi kwa vikombe 5 vya maji, mara moja kwa mwezi. Una uchachu kidogo na chakula kidogo cha mti. Kwenye udongo wa matumbawe, hata hivyo, uchachu wake unamezwa na chokaa siku hiyo hiyo, na ukizidisha unavuta sisimizi. Usiutegemee kama tiba.

Njano inayoanza kwenye majani mazee ya chini, jani zima likipauka sawasawa, ni njaa ya naitrojeni. Mti huchukua chakula kwa wazee ukawapa wachanga. Mpe konzi mbili za samadi iliyoiva kila wiki sita hadi nane kwa ndoo ya lita 20. Ukitaka haraka, kijiko 1 cha chai cha urea kwenye lita 10 za maji, kisha mwagia lita 1 tu ya maji hayo kwenye udongo uliokwisha kulowa. Urea kwenye udongo mkavu huunguza mizizi.

Njano ya majani mazee lakini katikati ya mishipa, shina la jani likibaki na kijani chenye umbo la mkuki, ni ukosefu wa madini ya magnesi. Chumvi ya Epsom, kijiko 1 cha chai kwa lita 1, mwagia mara moja, rudia baada ya mwezi.

Ya nne ni njano isiyochagua, ya juu na ya chini, majani yakilegea huku udongo umelowa. Hiyo ni mizizi inayozama. Mti unaonekana una kiu, mwenye mti anaongeza maji, na ndivyo mikaripata mingi inavyokufa. Utoe kwenye ndoo uangalie. Mzizi mzima ni mweupe au rangi ya maziwa na mgumu. Uliooza ni wa kahawia, ganda lake linavuliwa kama soksi ukauacha uzi katikati, na unanuka bwawa. Kata vilivyooza kwa kisu safi, punguza theluthi ya matawi ili mizizi iliyobaki isielemewe, panda kwenye udongo mpya wenye mchanga zaidi, mwagilia mara moja, kisha uache mpaka kidole kiguse ukavu kwenye pingili ya pili. Hakikisha ndoo ina matundu 6 ya upana wa kidole kidogo, na isikae kwenye sahani yenye maji. Mwezi mzima usiupe mbolea.

Ncha za majani zimeungua

Ncha kahawia, kavu, ukingo wake umekatika kwa mstari, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe: ni chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi au ya chumvi, nayo hujilimbikiza kwenye ndoo kwa sababu haina pa kwenda. Peleka ndoo mahali pa kutiririka, mwaga maji ya mvua mara tatu ya ujazo wa ndoo (lita 60 kwa ndoo ya lita 20), polepole, yapite yote. Kisha kinga maji ya mvua kwa ajili ya mti huu hata kama mingine itakunywa ya kisima. Ncha zilizoungua hazirudi kijani. Angalia majani mapya.

Machipukizi yamejikunja, au majani yameliwa

Machipukizi yamejikunja, yana utepe mweupe kama uzi wa nta, na kuna ute unaonata: tafuta mdudu mdogo wa milimita 3 hadi 4, wa kahawia yenye mabaka, anayekaa ameinua mkia kama anayetaka kupiga mbizi. Huyo ni mdudu mfyonzaji wa michungwa kutoka Asia, Diaphorina citri, na mkaripata ni mmoja wa miti anayoipenda. Ameshaonekana Tanzania na Kenya. Anasambaza ugonjwa wa michungwa unaogeuza matunda kuwa madogo, yaliyopinda na machungu, ambao hauna dawa. Kwa hiyo ukiwa na mndimu au mchungwa jirani, kumwacha kwenye mkaripata ni kumlea kwa ajili ya mwenzako.

Kata machipukizi yaliyojikunja, yatumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni papo hapo, usiyatupe kwenye shimo la mboji. Kisha nyunyiza lita 1 ya maji iliyotiwa mililita 5 za mafuta ya mwarobaini na mililita 2 za sabuni ya maji, hasa chini ya majani na kwenye ncha, jioni, kila baada ya siku sita, mara tatu. Mara moja haitoshi kwa sababu mayai yanabaki. Baada ya mara ya mwisho ngoja wiki moja, osha, ndipo uchume. Dawa za sumu zinazopenya ndani ya mti zisitumike kabisa: hili ni jani unalolitia mdomoni, na kuosha hakuondoi kilichomo ndani.

Walioko Marekani wajue kwamba Florida, Texas na California zina maeneo ya karantini kwa ajili ya mdudu huyu, na miche ya karipata haisafirishwi ovyo kutoka huko. Kutia vikonyo vibichi kwenye begi la safari kuna hatari hiyo hiyo ya kumsafirisha mdudu.

Majani yakiliwa kutoka ukingoni mpaka ukabaki mti mkavu, tafuta viwavi. Wakiwa wadogo huonekana kama kinyesi cha ndege, weusi wenye baka jeupe. Wakikua huwa wa kijani na wanene. Ukiwagusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali nyuma ya kichwa, lakini hawadhuru. Ni watoto wa kipepeo mkubwa wa michungwa. Viwili tu vinaumaliza mche kwa siku mbili. Watoe kwa mkono kila asubuhi. Hakuna haja ya dawa.

Masizi meusi juu ya majani ni ukungu unaoota kwenye utamu wa wadudu wanaofyonza. Angalia chini ya majani na kwenye shina: magamba ya kahawia yasiyotembea, au vipande vyeupe kama pamba. Vikwangue kwa mswaki uliochovywa maji ya sabuni. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani ndio wachungaji wao, kwa hiyo funga kitambaa kilichopakwa grisi kuzunguka shina. Masizi hufutika kwa kitambaa kibichi.

Mti mrefu kama fimbo

Shina moja, kishada juu, katikati mtupu. Chanzo ni kuchuma jani moja moja kutoka chini na kuacha ncha iendelee. Mti haukupata sababu ya kutoa matawi.

Ukifika sentimita 30, kata ncha sentimita 2 juu ya kikonyo. Pale chini ya mkato kutatoka matawi mawili au matatu. Yakifika shibri, yakate tena. Kuanzia hapo, kuchuma ndiko kupogoa: kata kipande cha tawi chenye vikonyo vitatu au vinne, usinyofoe majani madogo ukaacha utembo mtupu. Usichukue zaidi ya theluthi ya mti kwa mara moja. Maua yakitokeza kwenye mti wa chini ya miaka mitatu, yakate. Yananukia vizuri lakini yanakula nguvu za majani. Fimbo ya zamani inaokolewa kwa kuikata nusu mwanzoni mwa mvua za masika, na mwenye mti ni lazima ajipe moyo.

Jikoni: harufu haipo

Mafuta yenye harufu ya karipata hayatoki kwa kuchemsha. Jani likitiwa kwenye dengu zinazotokota tangu mwanzo, baada ya nusu saa harufu imekwenda na mvuke, na kilichobaki ni jani la ngozi. Linatakiwa kukutana na mafuta ya moto kwa sekunde chache.

Kwa sufuria ya watu wanne: mafuta vijiko 2 vya kula, moto wa kati. Tia nusu kijiko cha chai cha haradali. Zikianza kupasuka na kutulia, tia jira nusu kijiko cha chai, pilipili kavu 1, kisha majani 12 hadi 15 ya karipata. Yatapiga kelele, yatajikunja na kung'aa kama yamepigwa rangi mpya. Hesabu mpaka nane. Mimina vyote juu ya dengu zilizokwisha iva na ufunike dakika tano. Kifuniko hicho ni muhimu kuliko kiungo chochote utakachoongeza.

Mafuta yakiruka na kukuunguza, majani yalikuwa na maji. Yaoshe mapema, yafute moja moja kwa kitambaa, na utie ukiwa umeshika kifuniko mkono wa pili.

Mchuzi ukiwa na uchungu wa moshi, majani yamekuwa kahawia. Mara nyingi yametiwa pamoja na haradali, nazo hazijapasuka. Ukisubiri haradali, jani linaungua. Haradali kwanza, jani mwisho. Yakishaungua, mwaga mafuta hayo uanze upya. Sukari haitauficha uchungu.

Kwa samaki wa nazi, tumia karipata mara mbili. Kwa kilo 1 ya nguru au changu: majani 8 yakaangwe na kitunguu mwanzoni, ili ladha iingie ndani. Pika na tui jepesi vikombe 2, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai na ukwaju. Samaki akishaiva, tia kasimile (tui zito) kikombe 1, ikitaka kuchemka epua. Sasa kaanga kikonyo kimoja kwa kijiko 1 cha mafuta kwenye kikaango pembeni, mimina juu, funika. Yale ya kwanza ni ya ladha, haya ya mwisho ni ya pua.

Majani yakikwama kooni au watoto wakiyatoa pembeni ya sahani, yasage. Chatne ya nazi: nazi iliyokunwa kikombe 1, majani 50 hivi (vikonyo vitatu au vinne), pilipili mbichi 2, tangawizi ya urefu wa pingili moja ya kidole, chumvi nusu kijiko cha chai, ndimu kijiko 1 cha kula, maji vijiko 4. Majani yapitishe kwanza kwenye mafuta kijiko 1 cha chai kwa sekunde 20. Yakisagwa mabichi chatne huwa na ladha ya nyasi. Hii ni ya kula na bajia au mihogo ya kukaanga, na iliwe siku hiyo hiyo.

Yameharibika kabla ya kupikwa

Yakiwa meusi na yenye utelezi kwenye friji baada ya siku tatu, yaliwekwa na maji kwenye mfuko wa plastiki. Usiyaoshe kabla ya kuhifadhi. Yaache kwenye vikonyo vyake, yafunge kwa kitambaa cha pamba au gazeti, weka ndani ya kopo lenye kifuniko. Hukaa wiki mbili.

Kukausha kwenye jua ni hasara. Jua linaondoa rangi na harufu pamoja. Kivulini penye upepo, siku tatu hadi tano, hupunguza hasara lakini haiondoi: tumia mara mbili ya kiasi cha mabichi.

Friza ndiyo bora kwa miezi kadhaa. Panga vikonyo vikavu kwenye mfuko, toa hewa, ganda. Watu hulalamika kwamba yakitoka yanakuwa meusi na yanalegea. Ni kwa sababu yameachwa yayeyuke mezani. Usiyayeyushe. Nyofoa kiasi unachotaka yakiwa magumu kama vipande vya kioo, yatikise barafu iliyoshika, na uyatie moja kwa moja kwenye mafuta, ukiwa umekwisha kukamata kifuniko.